Nyumba ya zamani inayouzishwa Itebero, na jicho la mnunuzi



Mtu akitoka Bukavu kuja kwetu kwa barabara ya taifa namba 3, anavua nguo njiani. Kule Miti bado ni baridi, watoto wamevaa tiriko. Gari linapita katika mbuga ya Kahuzi-Biega, ile iliyoundwa mwaka 1970 na kuandikwa na UNESCO mwaka 1980 kati ya mali ya dunia nzima, kisha linaanza kuteremka. Ukifika Bunyakiri, tiriko iko ndani ya mfuko. Ukivuka mto Hombo umetoka Kivu ya Kusini, umeingia Walikale, na kutoka hapo mpaka Musenge na Itebero msitu unakufuata pande zote. Nguo iliyofuliwa asubuhi, jioni bado ina maji. Daftari la mwanafunzi linaota ukungu ndani ya sanduku. Na kama daftari ndani ya sanduku haliponi, ukuta unaopigwa mvua usiku na mchana utapona namna gani?

Naanza na njia hiyo kwa sababu mnunuzi wa nyumba hapa Itebero, mara nyingi, ameipita. Ni muuguzi aliyeletwa na kazi, ni mwalimu, ni mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, ama kijana aliyetoka machimboni na franga kidogo ambazo hataki zipotee. Ameona nyumba nyingi zilizoangushwa na mvua. Anajua maji yanafanya nini. Huyo mtu, ukimpakia rangi mbele ya macho, anatafuta kwanza rangi inaficha nini.

Katika chama chetu kuna mama mmoja mjane ambaye watoto wake wako Kisangani, wanamwita aende kukaa nao. Nyumba yake ilijengwa na marehemu bwana yake: chini matofali ya kuchoma mpaka usawa wa goti, juu matofali mabichi, manjanja ya siku nyingi, vyumba vitatu na saloni, baraza mbele. Aliomba likelemba imkopeshe franga za ndoo mbili za rangi, nyeupe na ya buluu, nyumba ing'ae mnunuzi akifika. Wamama wakasema: kabla ya kutoa franga, Mwalimu aende na fundi, watuambie kama rangi hiyo itarudisha pesa. Ndiyo safari yangu ya wiki hii. Ni ya hatua mia tatu tu, lakini ilichukua siku nzima.

Fundi hakuingia ndani. Alizunguka nyumba mara mbili, mikono nyuma, bila neno. Halafu akatoa ncha ya panga, akakwaruza ukuta wa nyuma pale matofali ya kuchoma yanapoishia. Udongo ukamwagika kama unga.

“Mama,” akasema, “rangi hii utaipaka juu ya maji.”

Akatuonyesha. Manjanja yamekatwa mafupi, yanapita ukuta kwa upana wa mkono tu. Maji ya mvua yanaanguka karibu na ukuta, yanaruka na udongo, yanalowesha matofali mabichi. Kila mvua inakula kidogo. Halafu kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiri, na nyinyi wamama mtacheka: ufagio. Miaka zaidi ya ishirini mama huyu amefagia kiwanja chake kila asubuhi, kama sisi wote, na kila asubuhi ufagio umeondoa udongo kidogo. Sasa mawe ya msingi yako nje upande mmoja, na upande mwingine udongo umerundikana ukutani na kuelekeza maji ndani. Usafi ni mzuri, hakuna anayeukataza, lakini udongo ule sherti urudishwe kwenye msingi na kushindiliwa.

Dawa ya kwanza basi haiuzwi dukani. Ni mfereji. Fundi alipima mahali maji ya paa yanapoangukia, akasema mfereji upite hapo hapo, upana wa jembe, wenye mteremko unaopeleka maji kwenye migomba. Usiupeleke kwa jirani. Mnunuzi akija anauliza majirani, na jirani ambaye maji yako yanaingia jikoni kwake atajibu kwa moyo wake wote.

Mbele ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Pale marehemu alikuwa amepiga simenti juu ya matofali mabichi, ili baraza ipendeze barabarani. Ukigonga kwa kidole, inalia kama ngoma. Simenti ni ngumu, udongo ni laini. Udongo unavuta unyevu kutoka chini na unataka kuutoa nje, simenti inaufungia njia. Unyevu unakaa katikati, na baada ya miaka simenti inabanduka kama ganda, pamoja na uso wa tofali. Si ugonjwa wa Itebero peke yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioandikwa na UNESCO mwaka 2000, una nyumba za mawe ya matumbawe zilizojengwa na kupakwa chokaa, na waliozitengeneza kwa simenti waliona kuta zao zinaoza kwa sababu ile ile. Wanaozitunza vizuri wanarudia chokaa. Ukuta wa zamani unapenda kutengenezwa kwa kile ulichojengewa.

Hapa kwetu ni udongo. Kule Masisi wenye ng'ombe wanachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, na ukuta unashika vizuri. Sisi watu wa msituni ng'ombe tunawaona wakipita kwenda kuchinjwa, basi tunatumia nyasi zilizokatwa fupi na mchanga wa mto. Fundi anafinyanga udongo kama yai, anauacha ukauke kivulini siku mbili. Ukipasuka, unaomba mchanga zaidi. Ukimeguka ovyo, mchanga umezidi. Kisha anaondoa kila kilicholegea, analowesha ukuta kwa maji, anapaka safu nyembamba, anasubiri ikauke, anapaka nyingine. Hapa ndipo haraka inaharibu: nilimwuliza kama wiki moja inatosha, akaniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi aliyetaka diploma bila mtihani. Baada ya ukuta kukauka kabisa ndipo chokaa inapakwa. Chokaa inaacha ukuta upumue, ni nyeupe, na bei yake haifanani hata kidogo na ndoo ya rangi ya dukani.

Juu, tulifunga milango na madirisha saa sita mchana tukaangalia manjanja kutoka ndani. Nyota saba. Nne zilikuwa mstari mmoja: mtoto wake alipokuwa hapa aliweka sahani ya jua, alipoondoka akaing'oa akaenda nayo, mashimo ya misumari yakabaki. Nimeona jambo hilo katika nyumba nyingine pia. Nyota nyingine zilikuwa misumari iliyopigwa katika bonde la manjanja, pale maji yanapopita. Sherti ipigwe juu ya mgongo. Fundi anakata viduara vya mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, anaviweka chini ya kichwa cha msumari, na shimo linanyamaza. Manjanja mawili yalikuwa yameliwa na kutu mpaka mwisho. Hayo hayazibwi, yanabadilishwa, na la juu linalala juu ya la chini, mama, si kinyume chake. Mnunuzi akiona manjanja mawili mapya kati ya ya zamani hakasiriki. Anaona kwamba nyumba iko na mtu.

Mlango wa nyuma ulikuwa umesimama kwa mazoea tu, mchwa wamemaliza fremu yake. Msitu wetu una mbao ambazo watu wa mbali wanazililia. Muvula mchwa wanaukwepa, libuyu ni nzuri lakini inataka kulindwa, na mbao laini za bei rahisi ni chakula chao cha jioni. Kwa fremu inayogusa udongo afadhali kutoa franga za muvula mara moja. Wengine wanapaka mafuta machafu ya pikipiki kwenye miguu ya miti. Inasaidia, lakini yasipakwe mahali mtoto anaposhika, wala karibu na kisima ama mapipa ya maji.

Na nikisema maji, hapa naomba mnisikilize, kwa sababu naona ndipo nyumba ya Itebero inaweza kupata bei yake. Paa la mama huyu lina urefu wa metre 8 na upana wa metre 6, yaani metre za mraba 48. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu si mvua ya kuhadithia watu, inaangusha juu ya paa hilo litre 480. Hizo ni bidoni 24 za litre 20. Hata kama nusu itamwagika, ni bidoni 12 ambazo msichana wa nyumba hiyo hakuzibeba kichwani. Mfereji wa chini ya paa unaweza kukunjwa kutoka kwa manjanja ya zamani yaleyale yaliyotolewa, pipa mbili chini yake zilizofunikwa, na maji ya kwanza yaachwe yamwagike kwa sababu yanaosha kutu na mavi ya ndege. Ya kunywa yanachemshwa kama kawaida. Mwanaume anayenunua anatazama manjanja; mke wake anatazama pipa, na wakirudi nyumbani usiku, msemaji ni nani?

Huyo mke, tena, haanzii saloni. Anaenda moja kwa moja jikoni na chooni. Jikoni ya mama yetu ni nyeusi kwa moshi wa miaka yote, na hakuna aibu katika hilo, lakini kukwangua masizi na kupaka chokaa ni kazi ya asubuhi moja ya wamama wanne. Tumekwisha kuichagulia siku. Choo kilikuwa kizima, shimo halijajaa, bali mlango ulikuwa gunia. Mlango wa mbao, kifuniko cha shimo, majivu pembeni: vitu vidogo hivyo vinasema nyumba ilikaliwa na watu wa namna gani. Katika dari kulikuwa na popo, na harufu yao mwenye nyumba haisikii tena kwa sababu amezoea, mgeni anaisikia mlangoni. Popo wasishikwe kwa mkono mtupu. Jioni wakisha kutoka wote ndipo matundu yanazibwa, halafu uchafu wao unaloweshwa na kuondolewa, pua na mdomo vimefungwa kwa kitambaa.

Kulikuwa pia na ufa, kwenye pembe ya chumba cha watoto, kutoka dirishani mpaka chini. Mama akanong'ona kama tunaweza kuuziba kabla ya mnunuzi kuja. Fundi akasema kuuziba inawezekana, na mwaka ujao utarudi, kwa sababu msingi umekaa vibaya upande ule. Maoni yangu ni kwamba ufa uonyeshwe, na bei yake ipunguzwe mezani, wazi. Sisi hatuko mji mkubwa ambamo mwenye kuuzisha anapotelea. Mama ataenda Kisangani, lakini sisi chama tutabaki hapa na mnunuzi, tutachota naye maji, watoto wake watakaa katika darasa langu.

Jambo zito kuliko ufa lilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki chini ya kitanda. Niliuliza karatasi za kiwanja. Iko moja, ya chifu wa kijiji, jina la marehemu, mihuri miwili, mashahidi watatu ambao wawili wamekwisha kufa. Katika nchi yetu, kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wenyewe ni mali ya Serikali. Kinachouzishwa ni haki ya kukaa juu yake na kile kilichojengwa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili, hata nyumba iwe nzuri kama kanisa jipya, atauliza: nani ana haki ya kuuzisha?

Na hapa mama yetu alinyamaza kidogo. Alifikiri nyumba ni yake peke yake. Shemeji zake nao wanafikiri ni yao. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema njia ya tatu. Mjane ana haki ya kukaa na kuitumia nyumba aliyoishi na bwana yake, hakuna wa kumtupa nje. Watoto wa marehemu, wasichana sawasawa na wavulana, ndio warithi wa kwanza, na sehemu yao ni robo tatu. Robo inayobaki ndiyo mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake wanaigawana. Basi mama hawezi kuuzisha bila watoto, na shemeji hawezi kuuzisha juu ya kichwa cha mama. Anayenunua kwa mmoja tu ananunua kesi. Na kwa wamama ambao waume zao wako hai: tangu marekebisho yale ya 2016 mke haombi tena ruhusa ya mume kwa mambo ya sheria, na mke na mume sherti wapatane wanapofunga mkataba. Kama nyumba inapakwa rangi na wewe hujaulizwa, uliza rangi hiyo ni ya nini. Haki hizo zote zinasimama vizuri kama ndoa iliandikishwa kwa Serikali. Ambao bado, ofisi ya serikali ya raia haijafungwa.

Kwa hiyo fundi na mimi tulimwambia mama: simu kwa watoto Kisangani kwanza, kikao na shemeji kwa pili, chifu na majirani wa mipaka kwa tatu, wapime kiwanja kwa kamba na kupanda miti ya mpaka mbele ya macho ya wote. Makaburi pia yasemwe. Mama mkwe wake amelala nyuma ya migomba, na mnunuzi akija kugundua hilo baada ya kulipa, hakuna chokaa itakayomtuliza. Iandikwe kwamba kaburi linabaki, na familia ina njia ya kulifikia.

Juu ya wakati wa kuuzisha, mtu asikimbizwe na woga. Vita ilipofika Walikale mjini, Machi 2025, wengi katika eneo letu walikuwa tayari kutoa nyumba kwa bei ya manjanja tu, na wanaonunua siku za namna hiyo wanajua wanachofanya. Kama si lazima ya hospitali ama ya uhai, funga mlango, acha ufunguo kwa mtu wa kuaminika, ngoja. Nyumba ionyeshwe siku mvua imetoka kunyesha. Wengi wanangoja jua. Mimi nasema kinyume. Mnunuzi aingie viatu vyake vikiwa na tope, aone ndani kukavu na pipa zimejaa, hapo huhitaji kusema mengi.

Ripoti yetu ilisomwa mbele ya likelemba Jumapili. Wamama walikubali mkopo, lakini si wa ndoo mbili za rangi: ni wa manjanja mawili, misumari, fremu moja ya muvula, chokaa, mlango wa choo na pipa moja, kwa sababu ya pili anayo. Mama aliomba kopo dogo la buluu kwa milango na madirisha. Kulikuwa na mabishano kidogo, halafu tukampa, kwa sababu buluu ile ilikuwa rangi ya mlango tangu siku ya kwanza, na kusema kweli inapendeza kwenye chokaa nyeupe.

Watoto wamekwisha kujibu kutoka Kisangani. Mkubwa wa kike anauliza kwa nini bei haijatajwa, tumemwambia bei inakuja baada ya kikao. Shemeji mkubwa atafika Alhamisi. Mihogo ya nyuma ya nyumba bado ina miezi minne ardhini, na mama anataka iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo kwamba mihogo ni yake, atarudi kuing'oa ama sisi tutaing'oa kwa niaba yake, na kwamba mti wa avoka unabaki na nyumba.